Barua kwa wajukuu walioandika 1945 kwenye msalaba wa Koko

Wajukuu wangu wa hapa Goma, wa Katindo, wa Ndosho, wa Majengo, na nyinyi mlioko Kampala na Ubelgiji mliofuata mazishi kwenye simu,

Nawasalimu wote. Ningewaandikia mapema, lakini nilitaka kwanza hasira inipungue. Haijapungua. Wiki tatu zimepita tangu tumzike dada yangu, bibi yenu mnayemwita Koko, na kila nikifumba macho nauona ule msalaba: jina moja tu, na chini yake mwaka wa kuzaliwa, 1945.

Nani aliwapa 1945? Niliuliza palepale makaburini, mmoja wenu akanijibu, «Babu, ndivyo kadi yake inavyosema.» Kadi ile aliiandika karani aliyemtazama usoni akakisia. Mimi, mdogo wake, cheti changu cha ubatizo kinasema 1944. Mmemfanya mtu aliyenibeba mgongoni kuwa mdogo wangu.

Sasa sikilizeni. 1938 mlima Nyamulagira ulipasuka, na moto wake ukateremka hadi ukaingia Ziwa Kivu upande wa Sake. Mimi sikuwepo, ila Koko alinisimulia mpaka nikaona kana kwamba nilikuwepo. Alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele. Mama yetu alimshika mkono juu ya kilima, wakatazama maji yakichemka, moshi mweupe ukipanda, samaki wakielea wameiva. Baba akakataza mtu yeyote asiwaguse. Mtoto hung'oka meno akiwa na miaka sita hivi. Fanyeni hesabu.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mei 2021, Nyiragongo ulipopasuka na tukaambiwa tuhame mji, wengi wenu mlikwenda naye Sake. Alisimama kando ya barabara, akanyoosha fimbo yake kuelekea ziwani, akasema, «Ni pale.» Alitaka mmoja wenu amuulize, «Pale nini, Koko?» Mlikuwa mmeinua simu juu mnatafuta mtandao. Akashusha fimbo. Nilimwona akiishusha, na mimi pia sikusema neno. Kosa hilo nalibeba pamoja nanyi.

Na jina mliloandika ni lile la 1972, Mobutu alipokataza majina ya Kikristo. Kabla ya hapo alikuwa na jina la ubatizo, ndilo alilojibu akiitwa na watawa waliomfundisha kushona. Na kabla ya hilo, jina alilopewa na baba. Nani kati yenu anayajua yote matatu? Kwenye matanga msomaji alisoma mistari minne: alizaliwa, aliolewa, alizaa watoto wanane, ameitwa na Bwana. Miaka zaidi ya tisini, mistari minne! Lakini kikwembe cha sare kilichaguliwa kwa siku mbili za mabishano, na picha kubwa ya langoni ililipiwa kwa dola.

Hamkusikia kwamba Desemba 1979, noti za zaire 5 na zaire 10 zilipofutwa, alikuwa na pesa za mabati zimeshonwa ndani ya mto wa kulalia. Zikawa karatasi. Alilia usiku mmoja, kesho yake alfajiri akashuka ziwani kununua samaki wa kuuza. Baadaye akauza sambaza, samaki ambao alipokuwa msichana hawakuwemo kabisa katika Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika 1959. Aliwapima kwa kikombe cha bati chenye kibonyeo upande mmoja, na kwa sababu ya kile kibonyeo aliongeza kila mara samaki watatu juu, ili mnunuzi asipunjwe. Karo za wazazi wenu zilitoka katika kikombe hicho. Leo kiko wapi? Nimekitafuta jikoni kwake, nimeambiwa kilitupwa siku ya kusafisha.

Sisemi ni nyinyi peke yenu. Nchi yetu ilihesabu watu wake mara ya mwisho 1984. Karatasi zetu nyingine zimeliwa na vita. Zake Koko ziliungua 2002, moto wa Nyiragongo ulipopita katikati ya mji ukala kanisa kuu pamoja na nyumba yake. Mahali kama hapa, mzee ndiye karatasi, na sisi tunasubiri afe ndipo tukodi viti na hema.

Mengine ni mafupi. Kiwanja chake kisiuzwe kabla ya kikao cha ukoo. Deni la viti lilipwe wiki hii. Yule mama jirani aliyemwogesha miezi sita ya mwisho apewe vitenge vyake viwili vizuri, na apewe kwa mikono miwili. Acheni kugombana kuhusu nani alitoa kidogo.

Wanangu, nawapenda. Baadhi yenu mna macho yake, na mnapocheka nasikia nyumba ile ya mbao ya zamani. Ndiyo maana nawakaripia.

Jumapili baada ya misa, njooni kwangu. Sombe ya majani ya muhogo itakuwepo. Mmoja alete daftari na kalamu mbili, kwa sababu nina mengi na pumzi yangu si ndefu. Mwingine alete rangi nyeusi na brashi ndogo, jioni twende makaburini kuurekebisha ule msalaba. Tutaanza na jina alilopewa na baba.

Babu yenu
Goma