Shoga, kabla hujapanda daladala ya Mnazi Mmoja

Shoga yangu,

Assalaam aleikum. Vipi Wete, vipi mama, vipi watoto? Huku sie wazima alhamdulillahi, mvua tu ndo imetushika na njia yetu ya ndani ishakuwa bwawa. Ile voisi yako nimeisikiliza mpaka mwisho, nimefurahi kweli mmepata nyumba Fuoni na baba watoto kashapewa skuli ya kufundisha, sasa tutaonana uso kwa uso si kwa simu tu. Ila pale ulipouliza spitali gani nzuri huku Unguja ya kumpeleka mama na presha yake na huyo mdogo anayekohoa kohoa, nilitaka kukujibu kwa voisi nikaona hapana, hili nilikalie niandike ulisome taratibu na umsomee na mama.

Mie ninavyoona, wiki ile ile mnayoshusha mizigo, kabla hajaumwa mtu, ulizia kituo cha afya cha hapo hapo karibu mwende mkajuane nao. Najua utasema kituo tu? Ndio, kituo. Wengi wanaohamia mjini wanafanya kinyume, mtoto kapata mafua basi daladala mpaka Darajani, hao spitali ya Mnazi Mmoja, wanakaa kwenye benchi toka asubuhi mpaka adhuhuri inaadhiniwa, mwisho wanaandikiwa panadol na kuambiwa mtoto anywe maji mengi, wanarudi wamenuna eti spitali kubwa lakini hawajali watu. Wanajali, ila mbele yako pale kuna aliyeletwa na ajali ya bodaboda, kuna mama katumwa kwa rufaa kutoka shamba, kuna mzee anasubiri kulazwa, na wewe na mafua yako lazima usubiri, na ni haki usubiri. Ile ndo spitali ya rufaa ya Zanzibar nzima (bibi yangu mpaka anaondoka duniani alikuwa bado anaiita Lenin, jina lake la zamani), pale ndo wapo mabingwa, mpaka wa kupasua ubongo na uti wa mgongo. Kuipeleka homa ya tangu jana pale ni kujitesa na kumchelewesha mwenzio.

Zamani mtu alikuwa na hoja, manake baina ya kituo na Mnazi Mmoja hapakuwa na kitu kikubwa cha kukamata. Sasa si hivyo, serikali ilijenga spitali 10 za wilaya Unguja na Pemba, zikaanza kufunguliwa 2022 na 2023, na ya mkoa ya Lumumba. Nyie Fuoni mpo Magharibi B kwa hiyo ya wilaya yenu ni Magogoni. Kwa hiyo njia iko hivi, unaanza kituo, kituo kikishindwa kinakuandikia uende wilaya, wilaya wakishindwa wanakupeleka Lumumba au Mnazi Mmoja, na ukifika na karatasi ya rufaa mkononi yule daktari wa juu anajua umeshafanyiwa nini, haanzi na wewe alifu. Na vituo navyo havilingani, vile vya daraja la pili vina maabara na vingine vina huduma ya meno, kwa hiyo ukifika uliza wanapima nini na wanafungua siku gani na saa ngapi, vingi jioni hukuti mtu.

Nikuhadithie nilichokiona. Tulimpeleka mtoto wa dada'angu kituoni, hajafika miaka miwili, kikohozi na mwili wa moto, dada keshajiandaa kuambiwa sindano. Yule nesi wala hakukimbilia cheti. Alimwambia dada mpakate, usimnyonyeshe kwanza, akampandisha fulana mpaka kwapani, akaweka simu yake upande wa saa ya sekunde, akanyamaza anaangalia kifua kinavyopanda na kushuka, dakika nzima, mtoto akaanza kulia akasimamisha, akangoja atulie, akaanza upya kuhesabu. Ikatoka thelathini na kitu. Ndo akatueleza, mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano akifika pumzi 40 kwa dakika hapo tunaogopa nimonia, na wa miezi miwili mpaka hajatimiza mwaka ni 50, na ukiona chini ya mbavu panabonyea ndani akivuta pumzi usingoje kupambazuke. Akatupa panadol ya maji, antibayotiki hakutupa, akasema mrudisheni keshokutwa hata mkimuona kapoa. Tukamrudisha, akahesabu tena. Huyo wako anayekohoa ndo huduma anayoitaka hiyo shoga, mtu amtazame kifua dakika nzima, na kwenye foleni ya spitali kubwa asubuhi ya Jumatatu dakika hiyo ni ngumu kuipata.

Homa nayo usiibuni. Sisi tuliokulia zamani homa yote ilikuwa malaria, sasa huku visiwani imepungua mpaka wanaokutwa na vimelea ni chini ya mtu 1 katika kila 100, na si wachache wanaokutwa nayo wametoka safari bara. Mumeo na hizo safari zake za Tanga akirudi na homa asipitie duka la dawa kununua dozi, aende kituoni akatobolewe kidole, kile kipimo cha haraka jibu lake ni kama dakika 15 mpaka 20. Na kuna jambo wengi hawalijui, ukikutwa nayo kituoni taarifa inatumwa kwa simu na ofisa wa malaria wa wilaya anakufuata mpaka nyumbani anawapima na wengine wa ndani, ndo namna wanavyoifukuzia hii malaria mpaka imebaki kidogo hivi. Ukijitibia kimya kimya nyumbani hakuna anayejua, na mtoto wako aliyelala chumba kimoja na baba yake hapimwi.

Sasa duka la dawa. Mie silichukii, lina kazi yake, panadol, ORS, bandeji, dawa ya kuwashwa, kwanini upange foleni. Mtoto akiharisha kanunue ORS na zinki hapo hapo, paketi moja kubwa ya ORS ni lita moja ya maji safi usikadirie kwa jicho, na zinki anapewa siku 10 mpaka 14 hata kama kuharisha kumekatika siku ya pili. Angalia tu duka lina leseni imebandikwa ukutani na aliyesimama pale ni mtu aliyesomea, si kijana kashikishwa duka baba yake kaenda kusali. Kinachoniuma mie ni ile tabia ya nipe rangi mbili nne tu, nipe azuma kidogo, nipe flajili za mia tano. Antibayotiki nusu nusu kwa mafua ambayo wala haiyatibu, halafu siku umepata ugonjwa wenyewe dawa haifanyi kazi. Nakuomba shoga kwa hili usinisikilize nusu, mtoto asipewe antibayotiki bila ya cheti.

Za praiveti zipo nyingi mjini na sisemi usiende, usiku au Ijumaa mchana kituo kimefungwa na huna namna unakwenda, na wapo wanaofanya kazi nzuri sana. Ila kabla hujatoa mkono mfukoni uliza kumuona daktari ni shilingi ngapi na kipimo kimoja kimoja shilingi ngapi, na kila kipimo muulize daktari anatafuta nini. Kuna pahala, sipataji, jirani yangu alikwenda na kichwa tu akatoka ana malaria, taifodi na yutiai kwa pamoja, na mfuko wa dawa kama anahama. Hiyo taifodi mara nyingi wanaitoa kwenye kipimo cha Widal, na kile kinaweza kuonyesha ndio kwa sababu uliwahi kuumwa miaka iliyopita au kwa ugonjwa mwengine kabisa, kwa hiyo ukiambiwa taifodi kila ukienda, uliza kama wanaweza kuotesha damu maabara waone kama kijidudu chenyewe kimo, au nenda wilaya wakakutazame upya. Kuuliza si utovu wa adabu. Na kwa vile mumeo mtumishi wa serikali, ule mfuko wa huduma za afya Zanzibar, ZHSF, ulianza na watumishi hao hao, mwambie ahakikishe jina la mama na watoto limo, na pale mapokezi waulize mwanzo kama wanapokea kadi, wasikwambie mwisho ushapimwa.

Tuje kwa mama, manake huyu ndo ananikosesha usingizi kuliko huyo mtoto. Presha ni ya kila siku, haina haja ya spitali kubwa, ina haja ya pahala pamoja wanapomjua. Akibadilisha badilisha, leo huku kesho kule, kila daktari atamuandikia chake na mwisho atakuwa anakunywa dawa mbili za kazi moja. Kabla hamjapanda meli nendeni hapo Wete mkaombe waandike karatasi ya dawa anazotumia na kiasi chake, na maganda ya vidonge usitupe, yafunge kwenye mfuko uje nayo, yule wa Fuoni akiyaona ataendeleza palepale. Mnunulie daftari la skuli, kila akipimwa iandikwe tarehe na namba zote mbili, ya juu na ya chini. Daktari mwenye daftari la miezi mbele yake anatibu vizuri kuliko anayeona namba moja ya leo.

Na akipimwa usikubali apimwe anahema katoka kushuka daladala. Akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini asiikunje nne, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, kahawa asinywe nusu saa kabla (najua itakuwa vita hapo), na wewe usimsemeshe. Ikiwa juu ya 140 kwa 90 siku moja msipige kelele, arudi apimwe tena siku nyengine. Ila hili la kuacha vidonge kwa sababu kichwa hakimuumi limkome, presha haimwambii mtu, inakaa kimya mpaka anaanguka upande umepooza. Mlonge na habbat soda anazozipenda sikatai, lakini daktari aambiwe anatumia nini, na kombe anywe kwa dua zake na kidonge akimeze vile vile. Na ng'onda na papa wa chumvi mumpunguzie, hata kama mtatukanwa. Kituo wakiona namba haishuki pamoja na dawa, hapo ndo unawaomba rufaa, na hapo ndo Mnazi Mmoja ina maana, anakwenda kliniki kuonana na bingwa siku aliyopangiwa.

Mdogo wako aliye mjamzito na yeye ni kituo hicho hicho, aende mapema kabla haijatimu miezi mitatu, apimwe damu na mkojo na presha, na chanjo alizokosa huyo mtoto wako anayekohoa, zile ulizokuwa unaniambia, nenda na kadi yake, hata kama muda umepita watamuendeleza, usione haya.

Sitaki nikudanganye kuwa kituo ni peponi. Kuna siku utaambiwa dawa hakuna kanunue nje, kuna siku daktari hayupo kaenda semina, kuna pahala nilijibiwa jeuri nikatoka machozi yananilenga. Hata hivyo narudi, manake ukishajulikana mambo yanakuwa mengine, yule nesi akipita njiani ananiuliza yule mtoto vipi, na dawa zikifika ananiambia. Na kama jambo limekukera sana sheha wa hapo mueleze, vituo hivi ni vya jamii.

Yote haya nimeandika kwa maradhi ya kawaida. Mtoto akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akiwa hashtuki ukimwita, mjamzito akitoka damu au kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu, mama mdomo ukienda upande au mkono ukalegea ghafla au kifua kikambana, hapo barua hii yote iweke pembeni, kamata gari ya jirani, nenda spitali kubwa iliyo karibu usiku ule ule. Kwa hiyo muombe jirani mwenye gari namba yake siku ya kwanza mkihamia.

Basi shoga niishie hapa, mkono umechoka na wali uko jikoni. Nijuulishe siku ya meli nije kukupokea, na Jumatatu ya mwanzo nikipata ruhusa kazini tutakwenda wote kituoni na mama. Nitumie na picha za yale maganda ya dawa zake nimuulize yule nesi kabla kama zipo hapo, zisipokuwepo mchukulie za mwezi mzima huko huko Wete.

Mkono wa mama umbusie, na watoto wote.

Mie shogaako.