Kwa nini tunakuuliza rangi ya sketi mwezi Septemba

Walimu wakuu na wazazi wanaotuletea oda za sare huuliza jambo moja kabla hata ya bei: nguo zitakuwa tayari lini? Ni swali la haki, na tungependa mjue tarehe tunayowapa inatoka wapi.

Oda kubwa za sare huchelewa kutufikia, na mteja hana kosa. Majina ya waliochaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza hutangazwa Desemba, Januari shule zinafunguliwa. Mzazi hawezi kununua sare ya shule ambayo hajaijua. Mkuu wa shule naye hajui atapokea wanafunzi wangapi, sembuse vipimo vyao. Tukingoja mpaka kila kitu kijulikane, mafundi watakaa bure Oktoba na kukesha Januari, na shati lililoshonwa usiku wa manane linajionyesha lenyewe: kola imepinda, mfuko umekaa upande.

Kwa hiyo kila nguo tunaipa ratiba yake. Shati jeupe huvaliwa shule za msingi za serikali na sekondari nyingi pia, hivyo tunaanza kulishona mapema bila wasiwasi. Lisipochukuliwa na shule hii litachukuliwa na ile. Kaptula na sketi za bluu za msingi ni hivyo hivyo. Sketi ya sekondari ni habari nyingine kabisa. Ya kijani huwezi kuipeleka shule inayovaa damu ya mzee. Hapo tunanunua jora Kariakoo mapema, tunaliweka kabatini, na hatulitii mkasi mpaka idadi ithibitishwe, kwa sababu kitambaa kizima bado kina matumizi mengine. Nembo hubandikwa mfukoni mwisho kabisa, maana ikishakaa pale shati hilo ni la shule moja tu.

Ndiyo maana maswali yetu huja kwa awamu: rangi na aina ya kitambaa Septemba, makadirio ya idadi Novemba, vipimo baada ya majina kutoka. Makadirio yanatusaidia kuliko mnavyodhani. Ukisema wanafunzi watakuwa kati ya 100 na 140, tunashona za wale 100 wa uhakika, na za wale 40 zinabaki kwenye jora. Upindo wa sketi tunauacha mpana ili urefu urekebishwe hata siku ya kuchukua.

Halafu kuna umeme. Cherehani za kukanyaga haziutegemei, lakini overloki, yaani mashine ya kuziba kingo za kitambaa zisifumuke, na mashine ya matundu ya vifungo haziendi bila huo. Ukikatika asubuhi, tunapanga siku upya papo hapo: wengine wanakata, wengine wanaunga mabega na mbavu, wengine wanashona vifungo kwa mkono kwenye mashati yaliyokwisha tobolewa. Ukirudi, overloki inakuta lundo linaisubiri, na mafundi wanapokezana ili isisimame hata wakati wa chakula.

Kwa sababu hiyo risiti yenu ina tarehe mbili, moja ya mashati na nyingine ya sketi zenye rangi ya shule pamoja na nembo. Ya pili ikilazimika kusogea, tutakupigia simu kabla haijafika.

Tunawaomba hasa wakuu wa sekondari waanze kufikiria Januari 2028. Kwa mabadiliko ya mtaala, darasa la sita na la saba watamaliza pamoja mwaka 2027, na wote wataingia kidato cha kwanza. Vitambaa vya rangi zisizo za kawaida vitagombaniwa, na sisi tungependa kuanza kuvitafuta mapema. Tuleteeni kipande cha sare ya sasa, hata kikiwa kimechakaa, mradi sehemu ya ndani ya mshono haijapauka. Msitutumie picha, kwa sababu rangi ya kwenye simu hailingani na ya kitambaa.