Nimeficha viatu vya mbio kwenye gunia la maharagwe

Kwako Shangazi,

Kwa miaka yangu 53 sijui kama nikuamkie au ningoje uniamkie, lakini mwenye shida ndiye huanza. Shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza nafaka hapa Nakuru: maharagwe, ndengu, mahindi, na njahi zikipatikana. Nilianza kukimbia nikiwa na miaka 42, presha iliponipeleka hospitali na daktari akaniambia nitafute zoezi. Siku ya kwanza sikufika kona ya pili. Mwaka mmoja baadaye nilikuwa napanda barabara ya Menengai na kina mama wenzangu wanne, tukitoka saa kumi na moja alfajiri na tochi mkononi. Pale juu ukingoni mwa kreta ni mita 2,278, na jua linapochomoza unaliona ziwa kule chini likimetameta kama bati jipya. Nusu marathoni nimemaliza saba. Sijawahi kushinda hata soksi, na sijali.

Mwaka jana hedhi ilikoma. Sikuwa na habari kwamba jambo hilo lina uhusiano wowote na miguu. Kwanza ikawa kisigino, hatua ya kwanza ya asubuhi kama nimekanyaga msumari. Hicho kilinichukua miezi mitatu, kikapoa. Mwezi wa pili mwaka huu ikawa muundi wa kushoto. Maumivu yenyewe yalikaa mahali padogo, pa kufunikwa na kidole gumba. Nikachua, nikanunua dawa za maumivu kwa kemisti, nikaendelea kukimbia wiki mbili nzima. Nilipoanza kuamshwa na mguu usiku ndipo nikaenda kupigwa eksirei. Ikatoka safi! Nikasherehekea kwa kupanda Menengai.

Kupanda hakukuwa na neno. Kushuka ndiko kulikonimaliza, kila hatua kishindo chake kinaingia mfupani.

Daktari wa pili hakutazama picha kwanza. Alipitisha kidole kwenye muundi polepole, akafika mahali pale akabonyeza, nikaruka kitandani. Akanieleza kwamba ufa mdogo wa mfupa huweza kujificha kwenye eksirei wiki za mwanzo, hadi mfupa unapoanza kujiunga ndipo alama inaonekana. Na kweli picha ya pili ilionyesha. Kisha akaniuliza kuhusu hedhi. Kumbe ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka, na miaka ya mwanzo mifupa hupungua nguvu upesi. Nile omena, ninywe mala, nisiruke mlo. Wiki nane bila kukimbia. Niendeshe baiskeli au niogelee, akasema. Kuogelea wapi, Shangazi? Mimi maji nayajua ya ndoo.

Nyumbani wakapata la kusema. Mzee wangu alistaafu udereva na kibanda changu ndicho kinachotulisha, kwa hiyo neno lake lilikuwa moja: mguu huo ukivunjika kabisa, nani atasimama sokoni kutwa? Hapo sina jibu, ana haki. Binti yangu ndiye aliyeniudhi. Nilimwambia mkimbiaji wetu Edna Kiplagat alikuwa wa tatu kwenye marathoni ya Boston mwaka 2024 akiwa na miaka 44, naye bila kuinua macho kwenye simu akasema, "Yeye analipwa, Mami. Wewe unalipia."

Sasa niungame. Wiki ya tano, mguu hauumi tena, nilishindwa kuvumilia. Niliwaambia naenda jumuiya. Nikavaa leso juu ya suruali ya mazoezi, nikateremka hadi barabarani, nikaikunja leso mfukoni, nikakimbia. Kilomita mbili za kwanza nililia kwa furaha, sikudanganyi. Ya tatu muundi ukaniuma pale pale. Nilirudi kwa boda boda, na kijana akaniuliza, "Mathe, umegongwa?" Mzee alinikuta nikichechemea langoni. Hakuuliza kitu. Aliteleka maji, akatia chumvi, akaniletea beseni, akarudi kusikiliza redio. Afadhali angenigombeza.

Wiki nilizokuwa nimehesabu zikafutwa, daktari akaanza kuhesabu upya. Amenipa utaratibu wa baadaye: niweze kwanza kutembea nusu saa bila maumivu, kisha dakika moja kukimbia na mbili kutembea, na maumivu yakilala na mimi hadi asubuhi, nirudi nyuma hatua moja. Utaratibu naelewa. Ninachokosa ni imani na mwili wangu. Zamani misuli ilikuwa inauma baada ya mlima na nilijua ni uchovu. Siku hizi kila kitu kikiuma natetemeka, na kisipouma nashuku kinanidanganya, kama kilivyonidanganya wiki ile ya tano. Je, wapo wasomaji waliopita hapa baada ya hamsini wakarudi barabarani? Walijuaje maumivu ya kusikilizwa ni yapi?

Na mzee je? Nimelipia nusu marathoni ya Nairobi ya mwezi wa kumi na hajui. Kina mama wenzangu wananiambia ninyamaze hadi nipone, nikipona hatakuwa na la kusema. Mimi naona nikinyamaza tena nitakuwa nimemdanganya mara mbili, na nikisema huenda akaniomba niache kabisa. Akiniomba kwa upole wake ule wa beseni, nitaacha. Hilo ndilo linalonitisha.

Tafadhali nijibu mapema. Viatu nimevificha kibandani, chini ya gunia la maharagwe yaliyoliwa na wadudu. Mwenye nguruwe huja kulichukua kila mwisho wa mwezi, na anayemsaidia kupakia ni mzee wangu.

Mama Ndengu,
Nakuru