Barua kwa mdogo wangu aliyemrudisha mhudumu mlangoni

Mdogo wangu mpenzi,

Natumai barua hii inakukuta salama, wewe na mwanetu, ambaye kwa hesabu yangu leo ametimiza siku kumi na mbili. Naiandika hadharani bila kukutaja jina, kwa sababu jambo ulilonieleza kwenye simu juzi nimelisikia pia kwa wazazi wengine, nami ningependa nao walisome. Ulisema kwamba mhudumu wa afya wa mtaa wenu alibisha hodi siku ya tatu baada ya wewe kutoka hospitali, ukamjibu ukiwa nyuma ya pazia kwamba mtoto hajambo na kwamba humhitaji mtu wa kuja kukukagua. Akaaga kwa heshima, akaenda zake.

Sikulaumu. Najua chumba chenu ni kimoja, ndicho cha kulala na ndicho cha kupikia, na najua uchungu wa kudhani kwamba mtu anaingia ili akahesabu vyombo vyako. Najua vilevile tulivyolelewa: mzazi akiwa ndani ya arobaini haingiliwi ovyo, na mtoto mchanga haonyeshwi kila jicho. Hayo siyadharau hata kidogo. Lakini kumbuka kwamba desturi hiyo iliyomzuia mgeni mlangoni ilikuwa imekwisha kumzungushia mzazi watu wake ndani: mama, shangazi, bibi wa kumkanda kwa maji ya moto, jirani wa kumpikia uji wa pilipili manga, na mwingine wa kumpokea mtoto ili mama yake apate usingizi. Wewe umejifungulia Dodoma, mama yuko Newala, na shemeji anatoka alfajiri kurudi usiku. Umeishika ile nusu ya desturi inayofunga mlango, na nusu ya pili, ile ya kuwa na watu, huna.

Wewe ulikuwa shule ya bweni mwaka 2011 nilipomzaa mwanangu wa kwanza, kwa hiyo hukuyaona yaliyotokea. Wakati huo katika wilaya sita za Lindi na Mtwara, na Newala ikiwamo, kulikuwa na mpango ulioitwa Mtunze Mtoto Mchanga, ambapo wanawake wa kujitolea zaidi ya 800, waliotoka katika vijiji vyenyewe, walifundishwa kuwatembelea wajawazito mara tatu kabla ya kujifungua na mara mbili katika siku za mwanzo baada ya hapo. Aliyekuja kwangu nilikuwa nikimjua tangu utoto, kwani tulikuwa tukichota naye maji. Nilijifungulia nyumbani kabla ya siku zangu kutimia, na alipofika kesho yake aliuweka unyayo wa mtoto juu ya mchoro wa unyayo aliokuja nao, akaona haufikii. Akaniambia bila kunitisha kwamba mtoto ni mdogo mno, kwamba nisimwogeshe kwanza, nimbebe kifuani ngozi kwa ngozi mchana na usiku, nimnyonyeshe mara kwa mara hata kama halii, kisha akaandamana nasi hadi zahanati. Mimi nilikuwa nikimwona mtoto mpole. Kumbe alikuwa amepoa na hana nguvu za kulia. Mtoto huyo sasa yuko sekondari, na ndiye anayekusalimia kila tunapopiga simu.

Sitaki, hata hivyo, nikupambie. Watafiti walipoupima mpango ule mwishoni, waliona kwamba kina mama waliotembelewa waliongoza katika kuwanyonyesha watoto maziwa yao pekee siku za mwanzo na katika usafi wa kuzalisha, lakini idadi ya vichanga waliofariki haikupungua kuliko kwingine. Matokeo hayo yaliniuma sana nilipoyasoma, kwa kuwa nilikuwa na ushahidi wangu mikononi. Baadaye nilielewa kwamba mhudumu akikupeleka zahanati, na huko pakawa hapana vifaa wala mtu wa kumpumulisha mtoto, safari yenu imeishia njiani. Kwa hiyo nakuomba umkaribishe ukijua kazi yake ni ipi: yeye si daktari, na hatakiwi kuwa mbadala wa hospitali. Yeye ni macho ya pili kwa mzazi aliyechoka.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mama na mtoto, baada ya saa 24 za mwanzo, waonwe tena kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena katika wiki ya sita, na linapendekeza wafuatwe nyumbani katika wiki ya kwanza. Wewe bado umo ndani ya muda wa pili. Akija, muulize juu ya kitovu, juu ya matiti yanayouma, juu ya damu yako na huo usingizi unaokukimbia hata mtoto akilala. Hilo la mwisho usilifiche. Machozi ya mzazi yasiyokwisha yanastahili kusemwa mbele ya mtu.

Na asikome kwenye arobaini. Huko Kingston, Jamaika, mwaka 1986 na 1987, watoto 129 waliodumaa waliingizwa katika utafiti, na baadhi yao wakawa wanatembelewa kila wiki kwa saa moja, kwa miaka miwili, na wahudumu waliomfundisha mama kucheza na kuzungumza na mwanawe kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa nyumbani. Miaka ishirini baadaye kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa bila kutembelewa hivyo. Chupa tupu na vifuniko unavyo tayari hapo kwako.

Kama humwamini aliyekuja, uliza ofisi ya serikali ya mtaa kama wanamtambua, mwombe akuonyeshe kitambulisho, na mpange saa ambayo haikuaibishi. Ukipenda akae barazani na mtoto aletwe na wewe mwenyewe, mwambie hivyo.

Muda huo usimsubiri mtu yeyote ukiona mtoto anakataa kunyonya, anapumua mbio, anavuta kifua ndani, ana homa au amepoa, amelegea, amepatwa na degedege, au viganja na nyayo zimekuwa za njano. Hapo ni hospitali, iwe mchana au usiku.

Nimekata tiketi ya basi ya Ijumaa. Mwombe mhudumu arudi Jumapili, siku ambayo shemeji hendi kazini, ili naye azisikie dalili hizo kwa masikio yake, maana usiku wa manane yeye ndiye atakayetoka kutafuta bodaboda.

Dada yako.