Shoga, Julai hapana

Shoga yangu,

Salamu nyingi, na kimya changu unisamehe, sina hata kisingizio. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza jikoni mpaka sufuria ikaungua. Mnakodi gari-nyumba, sawa. Mnakwenda kulala jangwani, hongera. Lakini Death Valley, hifadhi ile ya jangwa kule California, mwezi wa Julai? Nani kawapa shauri hilo? Kama ni Mama Pili, basi sina la kuuliza.

Pale Furnace Creek, humo humo bondeni, ndipo palipopimwa nyuzi 56.7 za Selsiasi, Julai hiyo hiyo, mwaka 1913. Usiku nao usiutegemee, joto laweza kubaki juu ya nyuzi 30 hadi alfajiri. Unasema gari lina kiyoyozi. Kiyoyozi kinataka umeme au jenereta, na nafasi za kuchomeka umeme kwenye kambi za hifadhi ile ni chache. Halafu someni mkataba vizuri: wapo wakodishaji wasioruhusu magari yao kuingia humo majira ya joto. Wenye hifadhi wenyewe wanaonya watu wasitembee kwa miguu kule bondeni baada ya saa 4 asubuhi. Sasa saa 5 mtafanya nini? Mtakaa ndani mnatazamana?

Nasema hivi kwa kuwa mwenzio yalinikuta, na nilificha kwa aibu. Ile safari ya Joshua Tree, hifadhi nyingine ya jangwa huko huko California, niliyokutumia picha nzuri nzuri, ilikuwa Aprili tu, wala si Julai. Tuliegesha kambi ya Jumbo Rocks. Kambini hakuna bomba, ila hilo tulilijua, tukaja na tangi limejaa, lita 120. Basi tukajiona matajiri. Tukasema twende tu mpaka Skull Rock, ule mwamba wenye sura ya fuvu, ni karibu, tutarudi kunywa chai. Tukabeba chupa moja ndogo. Moja, shoga, watu wawili!

Miamba ile yote inafanana. Njia ikatupotea, tukazunguka saa moja na nusu. Hewa ni kavu kiasi kwamba jasho hulioni, linakauka kabla halijakulowesha, nawe unadhani hujambo mpaka kichwa kinaanza kugonga. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kila tukipanda jiwe tulikuwa tunaliona gari letu, paa jeupe linang'aa, maji yote yale yamo ndani, na sisi ulimi umegandamana na kaakaa. Mume wangu akajitia kukata njia ya mkato, akaingia kwenye cholla. Hiyo ni mpungate wenye vishada vya miiba, ukiupitia karibu tu kishada kinakudandia. Ukikishika kwa mkono kinahamia mkononi. Nilikitoa kwa kitana changu, na kitana hicho sikukitumia tena.

Kwa hiyo mambo ya friji na majitaka mtajifunza, kila mtu hujifunza kwa kunuka kidogo. La maji ndilo nakusihi. Angalau lita 4 kwa kila mtu kwa siku, na ya kutembelea yawe mgongoni, si kwenye tangi. Na chumvichumvi kidogo ya kutafuna, maana maji matupu nayo yana madhara yake. Shemeji akipenda kuegesha kwenye mkondo mkavu kwa sababu mchanga ni tambarare, mkatalie. Mvua inanyesha mlimani huko msikoiona, maji yanawafikia mkiwa usingizini. Tena mchanga huo ukinasa gari zito vile... ah, hiyo nitakusimulia tukionana.

Lakini nirudi kwenye Julai. Novemba jua limepoa, mnatembea mchana kutwa, mnaota moto usiku, na nyota ni zile zile. Mkishindwa kabisa kusogeza, basi tafuteni milima, jangwa liacheni.

Mmeshalipa yote au malipo ya awali tu? Likizo ya shemeji haiwezi kusogezwa? Ameshajifunza kurudisha nyuma gari la urefu ule, au ni yale yale ya ukuta wa jirani? Watoto mnakwenda nao? Na lile boksi langu la barafu, Mama Pili alilirudisha kwako au bado ni lake?

Nijibu kabla hamjalipa salio.

Ni mimi shoga yako