Kuta za Dodoma zitundike picha za Dodoma

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaojenga na kupamba majengo mapya ya jiji letu.

Mimi ni mchoraji. Mwaka 1973 ilipoamuliwa Dodoma iwe makao makuu, nilikuwa mtoto mdogo. Ukubwani nilikula kwa kuchora biashara za watu: vibao vya saluni na bucha, mabango ya chanjo, ng'ombe kwenye kuta za maduka ya dawa za mifugo, kalenda. Mteja ndiye aliyeamua tabasamu liwe pana kiasi gani. Kazi ile niliipenda. Ilisomesha wanangu, na ilinifunza kuchora mkono ukaonekana umeshika kitu kweli. Zilipokuja mashine za kuchapa mabango ya plastiki, wateja wakahamia huko.

Tangu hapo nachora Dodoma niliyokulia, hasa tembe, nyumba zetu za udongo. Paa lake ni la bapa, udongo uliotandazwa juu ya miti, na mama zetu walianika mlenda pale juu. Katika picha niliyomaliza juzi, mlenda huo ndio ulionitoa jasho. Ukiwa mbichi ni kijani kibichi, lakini ukipigwa na jua unafifia na kujikunja, na hakuna kopo la rangi lenye kijani hicho. Nilichanganya kijani, nyeusi kidogo na udongo mwekundu niliouchekecha kwa kitambaa, mpaka ikakubali. Bibi mmoja jirani yangu, mzaliwa wa Mvumi, aliisogelea, akaweka kidole kwenye giza la mlangoni, akasema, "Hapa ndama." Ndama sikumchora. Bibi anajua tu alikuwa analala wapi.

Sasa ukiingia mapokezi ya hoteli na ofisi nyingi zilizojengwa tangu Serikali ihamie hapa, ukutani utakuta Mlima Kilimanjaro, simba na tembo. Sina ugomvi na wanaozichora, ni wenzangu. Hata Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo wa picha unaoitwa kwa jina lake, alianza na rangi ya baiskeli, rangi zilezile za sisi wa vibao. Lakini Kilimanjaro hauonekani kutoka kilima chetu cha Mlimwa. Meneja mmoja niliyempelekea picha ya tembe alinijibu kuwa wageni hawataki nyumba za udongo. Iliniuma sana. Huu ni mkoa wenye michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo tangu mwaka 2006 imo katika Urithi wa Dunia, na wageni wanapanda milima ya Kolo kwenda kuitazama. Nani kasema hawataki ya kwetu?

Ombi langu ni kwamba taasisi zinaponunua samani za ofisi mpya, zitenge fungu la picha za wachoraji wa hapa. Tuna stesheni ya zamani iliyojengwa na Wajerumani, mibuyu, mashamba ya zabibu ya Hombolo, mnada wa Msalato. Wazee waliolala ndani ya tembe bado wapo Mvumi, Handali na Chamwino, na wachoraji vijana wangeweza kwenda kuwasikiliza mwaka huu huu kama wangejua kuna mnunuzi.

Halmashauri ya Jiji nayo itupe ukuta mmoja tu stendi kuu ya mabasi, wenye paa, mvua isiufikie. Rangi tutakuja nazo wenyewe.

Mchoraji,
Chang'ombe, Dodoma