Paneli si mwanzo wa umeme wa nyumba ndogo

Mhariri,

Makala kuhusu nyumba ndogo, mabasi yaliyogeuzwa makazi na vibanda vilivyo mbali na nguzo za umeme karibu zote hupambwa kwa picha moja: paneli za sola zinazong'aa juu ya paa. Msomaji hubaki na fikra kwamba akishanunua paneli, kazi imekwisha. Sisi tunaofunga na kutengeneza mifumo hii tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako tuseme kwamba paneli ndiyo sehemu isiyosumbua sana. Mifumo mingi hufia kwenye waya, kwenye fyuzi, na kwenye hesabu ambayo haikupigwa.

Hesabu yenyewe inatosha kwenye karatasi moja. Andika kila kifaa, wati zake na saa kinazofanya kazi kwa siku, kisha zidisha upate wati-saa. Friji ndogo ya volti 12 yenye kompresa ya wati 45 haizunguki muda wote. Kwenye hali ya hewa ya wastani huzunguka kama theluthi moja ya siku, hivyo hula wati-saa 360. Taa 4 za LED za wati 5 kila moja, kwa saa 5, ni 100. Kompyuta mpakato ya wati 50 kwa saa 4 ni 200. Feni ya wati 15 kwa saa 8 za usingizi ni 120. Simu 2, weka 30. Pampu ya maji ya wati 60 haizidi robo saa kwa siku, kwa hiyo 15. Jumla ni 825. Ongeza kinachopotea kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa kawaida wa nyumbani, ufike kama 900. Kinachovuruga hesabu hii ni vifaa vya joto. Birika la wati 1,500 likiwaka dakika 10 tu limekula wati-saa 250, zaidi ya robo ya mahitaji ya siku nzima. Kupika na kuchemsha maji kutafutiwe nishati nyingine, kama gesi.

Ukishapata 900 yako, njoo kwenye betri. Betri ya asidi na risasi haipendi kushushwa chini ya nusu, na ikiachwa bila chaji kwa wiki kadhaa bamba zake huganda chumvi ya salfeti isiyoondoka tena. Wati-saa 900 ukizigawa kwa volti 12 ni ampea-saa 75, na kwa kuwa nusu lazima ibaki, zinadai betri ya ampea-saa 150 kwa siku moja, na 300 ukitaka kuvuka siku 2 za mawingu. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma inakubali kushushwa hadi ibaki asilimia 20 bila kulalamika. Hapo 200 zinatosha kwa siku hizo 2. Ina masharti yake, hata hivyo. Isichajiwe ikiwa baridi chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Tena volti zake karibu hazibadiliki kutoka ikiwa imejaa hadi ikaribie kwisha, kwa hiyo anayeipima kwa mita ya volti peke yake anabahatisha. Afunge kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Sasa waya, na hapa tunaomba uvumilivu wa msomaji kwa sababu ndipo moto unapoanzia. Umeme wa volti 12 unadai nyaya nene kuliko anavyodhani mtu aliyezoea umeme wa kawaida wa nyumbani: volti zikiwa ndogo, wati zile zile hubebwa na ampea nyingi. Chukua inveta ya wati 1,000. Ikifanya kazi kwa nguvu zake zote huvuta karibu ampea 98 kutoka kwenye betri, ukihesabu na upotevu wake. Iunganishe kwa waya wa shaba wa milimita 10 za mraba, mita 1 ya kwenda na mita 1 ya kurudi, na wati 34 hivi zitageuka joto ndani ya waya huo. Kwa kawaida waya wenyewe umefichwa nyuma ya mbao, umezungukwa na sufi ya kuzuia baridi, mahali ambapo joto halina pa kutokea. Ukitumia waya wa milimita 35 za mraba, joto hilo hushuka hadi wati 10.

Waya wa friji una ugonjwa wa aina nyingine. Friji ikiwa mita 6 kutoka kwenye betri, umeme unasafiri mita 12, kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita 1.5 za mraba na ampea 4, zaidi ya nusu volti inapotelea njiani. Kompresa inapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya hapo, volti zinaporomoka kwa kitambo, na kinga ya friji inakata umeme ikidhani betri imekwisha. Mwenye nyumba naye anadhani hivyo hivyo. Ananunua betri mpya, na friji inaendelea kuzima usiku. Kabla ya kutoa fedha, pima volti pale waya unapoingia kwenye friji yenyewe wakati kompresa inazunguka, si kwenye betri peke yake. Tofauti kati ya vipimo hivyo 2 ikizidi volti 0.4, badilisha waya. Wa milimita 4 za mraba utapoteza kama volti 0.2 tu.

Fyuzi hulinda waya, hailindi kifaa. Sentensi hiyo ikieleweka, mengine yanajipanga. Ukubwa wake unafuata unene wa waya: kwa waya wa milimita 2.5 za mraba tunaweka fyuzi ya ampea 15, hata kama kifaa kinatumia ampea 3 tu. Mahali pake ni kwenye waya wa chanya, ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri, maana kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote. Fyuzi ikikatika mara ya pili, tafuta waya uliochubuka. Usiweke fyuzi kubwa zaidi, na kamwe usizibe nafasi yake kwa kipande cha waya. Betri ya lithiamu ikipigwa shoti inaweza kumwaga maelfu ya ampea kwa mara moja. Fyuzi hafifu huyeyuka, lakini cheche huendelea kuruka kati ya ncha zake. Kwa betri hizo nunua fyuzi iliyoandikwa uwezo mkubwa wa kukata.

Kwenye gari ongeza mtikisiko. Waya wenye uzi mmoja mgumu huchoka na kukatika ndani ya ganda lake. Tumia wenye nyuzi nyingi laini. Viungo vibanwe kwa koleo la kazi hiyo badala ya kutegemea risasi ya kulehemu, na kila tundu la bati linalopitisha waya livishwe mpira. Kaza nati za betri baada ya safari ndefu ya kwanza, kisha kila baada ya miezi michache. Kiungo kilicholegea huchemka. Anayetaka kuchaji lithiamu kwa injini afunge chaja maalumu kati ya betri na alteneta, mashine ya injini inayozalisha umeme, la sivyo betri inaweza kuvuta ampea nyingi hata alteneta ikaungua.

Paneli tumeziacha mwisho kwa makusudi. Mahali penye saa 4 za jua kamili kwa siku, wati-saa 900 zinadai paneli za wati 300, kwa sababu paneli ya wati 100 iliyolazwa juu ya paa la moto hutoa kama 75. Iachie nafasi ya hewa chini yake, na usiruhusu kivuli cha kifuniko cha feni kiiangukie: kivuli kidogo huweza kuua theluthi nzima ya paneli. Wakati wa kufunga, unganisha kontrola ya chaji, yaani kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, na betri kwanza, paneli baadaye. Wakati wa kufungua, anza na paneli.

Na kwa kuwa tumewaelekeza wasomaji kwenye gesi ya kupikia: kilo 1 ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya lita 1.5 za maji kama mvuke, ambayo ndani ya chumba cha mita chache hugeuka ukungu na kutu. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo sanduku la mtungi liwe na tundu chini, linalotokea nje. Jiko lisitumike kupasha chumba joto, na kengele ya kaboni monoksidi iwekwe karibu na kitanda.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Utakapochapisha tena picha ya basi zuri lililogeuzwa nyumba, mwulize mwenye basi unene wa waya wa inveta yake, urefu wake na ukubwa wa fyuzi, kisha uchapishe namba hizo 3 chini ya picha.

Ni sisi wasomaji wako,
Mafundi wa umeme wa sola